Marere: doa jekundu halitoshi

Weka chini ya lenzi kipande kikavu cha marere, likeni ya pwani, kilichobanduliwa kwenye gome la mti ufukweni. Juu ni rangi ya majivu. Ukikipara kwa ncha ya wembe, chini ya ngozi hiyo ya majivu hutokea utando mwembamba wa rangi ya machungwa, kama kutu kwenye bati. Anayejifunza hudondosha jiki papo hapo, akaona wekundu, akaandika "C+ nyekundu" (C ni jiki, alama ya + ni kubadilika rangi), na kando yake akaandika jina kamili la spishi. Mstari mmoja, makosa mawili. Sisi tunaofanya kazi hii tumeyalipia kwa saa nyingi za kurudia vipimo.

La kwanza ni kuidhania rangi ya mwani kuwa ni rangi ya kemia. La pili ni kudhani kemia peke yake inatoa jina.

Tuanze na mwani. Likeni si mmea. Ni kuvu iliyofuga mwani ndani ya mwili wake, ikaupa kivuli na unyevu, nayo ikala sukari inayotengenezwa humo. Marere, ambayo wataalamu huyaita Roccella montagnei, yamefuga mwani wa jenasi Trentepohlia. Kwa nasaba huu ni mwani wa kijani, lakini seli zake zimejaa karotini kiasi kwamba kijani hufunikwa na rangi ya machungwa. Ni mwani ule ule unaopaka kuta zenye unyevu na mashina ya miti rangi ya kutu. Katika kipande kibichi rangi hiyo hujitokeza waziwazi. Katika kipande kilichokaa kabatini miaka mingi hufifia. Kwa hiyo mtu anayepara ngozi kwa nguvu kisha akatia jiki anatazama rangi mbili zilizopandana, na hawezi tena kusema ipi ni ipi.

Dawa yake ni utaratibu tu. Kabla ya kutia chochote, tazama kipande kikavu kwenye lenzi ya mara 10 na uandike rangi unazoziona. Tone la kwanza litie juu ya ngozi nzima isiyoguswa. La pili litie kwenye kiini cheupe, baada ya kukata ukanda mmoja wa marere kwa mshazari kwa wembe mpya ili kiini kionekane kwa upana. Kama kuna unga wa soredia, yaani chembe za kuzaliana, pembeni mwa kanda, tone la tatu ni la huo unga. Hayo ni majibu matatu, yaandike yote. Ukiandika "C+" bila kusema wapi, aliye mbali na sampuli hawezi kukitumia kipimo chako.

Kwa nini "wapi" ina uzito? Tazama ndugu wawili wa Ulaya wa jenasi hii hii. Roccella phycopsis ngozi yake huwa nyekundu kwa jiki lakini soredia zake hazibadiliki. Roccella fuciformis ni kinyume: soredia huwa nyekundu na ngozi hukaa vile vile. Mtu aliyetia tone moja tu, tena bila kuangalia lilipoangukia, anaweza kuwachanganya wawili hawa huku ameshika jibu sahihi la kemia mkononi.

Kuhusu jiki yenyewe, maneno machache yatakuokolea siku nzima. Inayofaa ni ile ya kawaida, nyepesi kama maji, isiyo na manukato wala rangi. Zile nzito zilizotiwa kiongezaji ili zishike ukutani huenea vibaya juu ya sampuli na huchelewesha jibu. Nguvu yake hupotea kwa joto na mwanga, na joto la pwani halisubiri. Mimina mililita 10 kwenye kichupa cheusi, kaza kifuniko, na ubadilishe kila wiki hata kama inanuka bado. Harufu haikuambii kama inafanya kazi. Kinachokuambia ni kipande cha sampuli inayojulikana, kinachowekwa kwenye kisanduku cha vipimo kwa kazi hiyo tu. Kila asubuhi kijaribu hicho kwanza. Kisipotoa wekundu, usimlaumu mti.

Tone liwe dogo. Mrija mwembamba wa kioo ni bora, lakini kijiti cha meno kilichochovywa kinatosha kabisa. Tone kubwa hulowanisha kipande kizima, ngozi ikavuja hadi kwenye kiini, nawe ukaona kiini "chekundu" ambacho si chekundu. Na usigeuze macho: wekundu wa jiki kwenye marere hutokea mara moja na hufifia ndani ya sekunde chache, kwa sababu klorini hiyo hiyo inayoutengeneza huendelea kuuharibu. Watu wengi hutia tone, wakainama kutafuta kalamu, wakirudi wanaandika "C−".

Pale rangi ya mwani inapokuchanganya hata baada ya hayo yote, tumia karatasi ya chujio. Weka juu yake kipande cha ukubwa wa punje ya mchele, kidondoshee asetoni matone mawili au matatu, na uache ikauke. Asidi za likeni hutoka na asetoni zikabaki kwenye karatasi kama pete. Ondoa kipande, gusa pete kwa jiki. Hapo unaisoma kemia peke yake juu ya nyeupe. Bei yake ni kwamba umepoteza habari ya "wapi", kwa hiyo njia hii huthibitisha tu, haishiki nafasi ya ile ya kwanza.

Vitendanishi vingine viwili ni K na P. K ni haidroksidi ya potasiamu: gramu 10 za vidonge kwa mililita 100 za maji, ukitia vidonge ndani ya maji polepole kwa sababu hupata moto. Vaa miwani. P, yaani parafenilenediamini, hugeuza rangi ya ngozi ya mtu na ya meza, na ni sumu. Iliyochanganywa na ethanoli huharibika kwa siku moja. Mchanganyiko unaodumu wiki kadhaa ni gramu 1 ya P, gramu 10 za salfaiti ya sodiamu na nusu mililita ya sabuni ya maji kwa mililita 100 za maji. Marere hayabadiliki kwa K wala kwa P. Jibu la hapana ni jibu, liandike. Kisha sehemu yote iliyoguswa na dawa ikate uitupe. Ikibaki kwenye sampuli, atakayekuja kupima baadaye atapima dawa zako.

Sasa lile kosa la pili, la kuligeuza doa kuwa jina. Jiki hutoa wekundu kwa sababu ya umbo fulani la molekuli: pete yenye haidroksili mbili zilizo huru, zikiachwa nafasi moja kati yao. Molekuli za namna hiyo hazikuumbwa kwa ajili ya marere peke yake. Parmotrema tinctorum, likeni pana kama majani ya kabichi iliyojaa tropiki, kiini chake hutoa wekundu mkali kwa sababu kina asidi ya lekanoriki. Likeni nyingine nyingi zenye asidi ya giroforiki hutoa wekundu pia. Doa linakuambia "kuna jamaa wa orsinoli, molekuli ya umbo hilo, hapa." Halisemi zaidi ya hapo.

Kwa hiyo rudi kwenye umbo. Marere huning'inia au husimama kwa kanda bapa zinazogawanyika mara kwa mara, ngumu kidogo kama ngozi iliyokaushwa, zote zikitoka kwenye kishikizo kimoja kilichogandama gomeni. Rangi ni majivu, wakati mwingine yenye samawati ndani yake. Anayefanana nayo zaidi pwani ni Ramalina, ambayo nayo ina kanda bapa. Tofauti iko kwenye rangi: Ramalina huelekea kijani cha manjano, kwa asidi ya usniki, na mwani wake ni wa kijani kweli, hivyo ukiipara huoni kutu. Usnea, zile nyuzi kama ndevu, huivuti mara mbili: ukiinyoosha taratibu ngozi hukatika na ndani hubaki uzi mweupe unaovutika kama mpira. Marere hayana uzi huo. Vipimo hivi viwili, kupara na kuvuta, havihitaji dawa yoyote, na mara nyingi vinatosha kufika kwenye jenasi ukiwa bado chini ya mti.

Kutoka jenasi hadi spishi ndiko kwenye kazi. Jenasi Roccella iliwekwa na mwanabotania de Candolle mwaka 1805. Kabla yake Linnaeus alikuwa ameziweka karibu likeni zote katika jenasi moja, Lichen. Familia ni Roccellaceae, oda ni Arthoniales. Jina montagnei lilitolewa na Charles Bélanger, Mfaransa aliyesafiri India miaka ya 1820, kwa kumheshimu Camille Montagne, daktari wa jeshi aliyekuwa bingwa wa kuvu na mwani. Otto Darbishire aliandika kazi kubwa ya kundi hili mwaka 1898, na kwa upande wetu Swinscow na Krog walitoa mwaka 1988 ufunguo wa kutambulia likeni kubwa za Afrika Mashariki ambao bado tunauanzia kazi. Baadaye ikaja DNA. Anders Tehler wa Sweden na wenzake mwaka 2010 walizipitia upya spishi za Ulimwengu wa Kale zilizo nje ya Ulaya na visiwa vya Atlantiki. Kama ufunguo unaoutumia ni wa kabla ya hapo, majina mengine humo yameshahama.

Jambo linalosumbua zaidi katika kuzitenganisha ni namna ya kuzaliana. Kipande kimoja kina soredia, yaani chembe za unga zenye kuvu na mwani pamoja, zinazobebwa na upepo na kuanza maisha mapya bila ndoa yoyote. Kingine hakina unga ila kina apothesia, vikombe vyeusi vilivyopakwa vumbi jeupe, vyenye spora. Zamani tofauti hiyo ilihesabiwa kuwa ukuta kati ya spishi mbili hata kama kemia na umbo vinalingana. DNA imeonyesha katika makundi kadhaa ya likeni kwamba ukuta huo mara nyingi haupo. Kwa mkusanyaji somo ni moja: usichukue kipande kimoja kizuri cha kupiga picha. Tazama vipande 10 kwenye mti huo, andika vingapi vina unga, vingapi vina vikombe, vingapi vina vyote, na kama kuna kikombe chochote, bahasha yako iwe nacho.

Apothesia ikatwe nyembamba kwa wembe, iwekwe kwenye tone la maji, itazamwe kwa darubini ya mara 400. Chini ya safu ya vifuko vya spora kuna tabaka jeusi kama mkaa. Spora hazina rangi na zina kuta tatu za ndani, kwa hiyo seli nne. Ukiona spora changa zenye ukuta mmoja usikimbilie kutangaza spishi mpya. Bonyeza kwingine utafute zilizokomaa. Hapa watu hukata vipande vinene kwa kuogopa kuvipoteza. Kata 15 vya ovyo, 1 kitakuwa kizuri.

Kwenye kemia ya ndani zaidi, marere yana vitu viwili vikubwa vya kukumbuka: erithrini, na asidi ya rokseliki ambayo ni asidi ya mafuta. Erithrini ni asidi ya lekanoriki iliyofungwa na erithritoli. Tunazitambua kwa kromatografia ya safu nyembamba, yaani kuzitenganisha kemikali kwa kimiminika kinachopanda juu ya bamba. Chukua kipande cha milimita 5, kitie kwenye kichupa na matone machache ya asetoni kwa dakika 10, gusisha mrija mwembamba kwenye bamba la silika mara tatu, ukiacha doa likauke kila mara na lisipite upana wa milimita 3. Kando yake weka doa la likeni yenye atranorini na asidi ya norstiktiki, ambazo ndizo vipimo vya kulinganishia. Kimiminika kinachotumika zaidi ni toluini mililita 170 na asidi ya asetiki mililita 30, kinachoitwa C. Hii si ile C ya jiki. Vitabu vimetuletea herufi moja kwa mambo mawili, nasi tunaendelea kubabaika nayo.

Bamba likishapanda na kukauka, litazame kwa taa ya mionzi ya urujuanimno, kisha nyunyiza asidi ya salfuriki ya asilimia 10 na ulipashe moto nyuzi 110 kwa dakika 5 hadi 10. Erithrini hukaa chini, karibu na mstari wa kuanzia, kwa sababu erithritoli ina haidroksili nyingi zinazong'ang'ania silika. Asidi ya lekanoriki hupanda juu zaidi. Wasiojua huliona doa la chini wakadhani ni uchafu uliobaki, wakalipuuza, na hapo wamelipuuza jambo kuu. Asidi ya rokseliki haionekani kwa taa wala haitoi rangi nzuri. Hiyo itafute kwa maji: kabla ya asidi, nyunyiza bamba maji mpaka lilowe, kisha litazame likianza kukauka. Mafuta hukataa maji, na doa hubaki jeupe kavu mahali ambapo pengine pote pamelowa. Kipimo hiki hakigharimu kitu na ndicho kinachosahaulika zaidi.

Halafu kuna mtego wa pombe. Asetoni inapokosekana, watu hutumia methanoli, tena ya moto ili "itoe vizuri". Methanoli huivunja asidi ya lekanoriki na erithrini, na kinachopatikana ni methili orselineti, kitu ambacho kinaweza kuwa hakikuwemo kwenye likeni kabisa bali kimezaliwa kwenye kichupa chako. Ukitumia ethanoli utapata ethili orselineti. Ukisoma ripoti inayotaja kitu hicho kwenye Roccella, kwanza tafuta walitolea kwa nini. Ukikuta pombe ya moto, weka alama ya kuuliza.

Kuvunjika huko huko, kukifanywa kwa makusudi, ndiko kulikoyapa marere bei. Chukua hesabu. Molekuli ya erithrini ina uzito wa 422. Ikipata maji, huachana ikawa erithritoli moja na asidi ya orseliniki mbili, na hizi mbili zikipoteza kaboni dayoksaidi hubaki orsinoli. Kwa gramu 100 za erithrini safi, upeo wa hesabu ni gramu 59 hivi za orsinoli, 29 za erithritoli, na zaidi kidogo ya 20 za kaboni dayoksaidi inayopotea hewani. Asidi ya lekanoriki, isiyobeba erithritoli, hutoa orsinoli gramu 78 kwa gramu 100. Orsinoli haina rangi. Ikikutana na amonia na oksijeni ndipo huwa orseini, rangi ya zambarau. Kwa njia jirani, yenye kabonati ya potasiamu na chokaa ndani yake, hutoka litmasi, ile karatasi ya maabara ya shule inayokuwa nyekundu kwenye asidi na samawati kwenye besi. Erithritoli nayo John Stenhouse aliigundua mwaka 1848 akichunguza likeni. Leo imeandikwa kwenye pakiti za sukari mbadala, ingawa ya dukani hutengenezwa kwa hamira, si kwa marere.

Florence walikuwa wakiipata zambarau hii kwa mkojo uliochacha tangu Zama za Kati, na ukoo wa Rucellai unalibeba jina la biashara hiyo mpaka leo. Katika karne ya 19, meli zilipakia marere kutoka pwani yetu, yakipitia Unguja kwenda Ulaya. Wareno walifanya vivyo hivyo Msumbiji na Angola, wakiyaita urzela. Kisha mwaka 1856 mkemia Mwingereza William Perkin akapata zambarau ya kiwandani, na rangi za aina hiyo zikazisukuma taratibu zile za likeni nje ya soko.

Biashara hiyo imetuachia tatizo la majina. Mnunuzi alipima mzigo kwa nguvu ya rangi, na juu ya gunia yaliandikwa majina yaliyozoeleka Ulaya: fuciformis, tinctoria. Hizo ni likeni za Atlantiki na Mediterania. Ukikuta hati ya zamani inayosema Roccella tinctoria imetoka Unguja, ihesabu kuwa ni habari ya biashara. Usiitie kwenye ramani ya usambaaji. Gunia lilijulikana lilikopakiwa, mti haukujulikana ulikosimama.

Anayetaka kuiona rangi kwa macho yake, gramu 10 zilizookotwa chini baada ya upepo zinatosha, usibandue. Zisage, zitie kwenye chupa ya nusu lita, mimina mililita 100 za mchanganyiko wa amonia sehemu 1 na maji sehemu 2, funga na utikise. Chupa ibaki na nafasi kubwa ya hewa, kwani bila oksijeni hakuna zambarau. Wiki ya kwanza ifungue na kuitikisa mara tatu kwa siku, nje ya nyumba, uso ukiwa mbali. Wekundu huanza ndani ya siku chache, lakini rangi ya kutumia hudai si chini ya wiki tatu au nne, na wazoefu husubiri miezi. Chupa iliyobaki kahawia kwa wiki mbili ama imejazwa hadi shingoni, ama iliyomo si marere. Iweke kivulini. Wakati wa kupaka rangi usiiache ichemke. Sufu na hariri huishika bila dawa ya kushikiza, pamba huikataa, kwa hiyo usipoteze leso yako. Na hata ikishika, jua huila upesi.

Onyo moja lenye uzito kuliko yote: jiki na amonia visikae meza moja. Vikichanganyika hutoa gesi ya kloramini inayoumiza mapafu. Aliye na kisanduku cha vipimo upande huu na chupa ya rangi upande ule anahitaji meza mbili.

Kuhusu mahali yanapoota, Roccella montagnei inaizunguka Bahari ya Hindi: pwani ya Afrika Mashariki, Madagaska, India, Sri Lanka, hadi Asia ya Kusini-Mashariki. Zaidi ni mkanda wa bahari. Mwani wa kijani ndani ya likeni huweza kuanza kazi kwa mvuke wa hewa tu bila mvua, na hewa ya pwani inao mvuke usiku kucha. Ukiingia bara kilomita chache, penye vumbi na hewa kavu, mara nyingi huipati kwenye mti wa aina ile ile. Tafuta miti mikubwa ya zamani yenye gome lililotulia: mbuyu, mkwaju, mwembe, mnazi, na vichaka vya ufukweni vinavyopigwa na upepo. Zunguka shina lote. Upande unaopokea upepo wa bahari na ule uliogeukia bara huweza kutofautiana kama miti miwili. Minazi ya mjini iliyopakwa chokaa iruke, au angalau andika kwamba imepakwa. Chokaa hubadili gome na vumbi lake huchafua vipimo. Na mti usio na marere kabisa uandike pia. Ramani zetu zimejaa "ipo" na hazina "haipo", kwa hiyo hazisemi inapungua au watu hawakutazama tu.

Kabla ya kubandua chochote kuwe na kibali. Tanzania utafiti huombewa COSTECH, Kenya NACOSTI, ambazo ndizo tume za sayansi za nchi hizo, na msitu wa hifadhi una mwenyewe wa kumuuliza zaidi. Chukua kidogo: kanda mbili tatu pamoja na kishikizo, si kichaka kizima. Kisu chembamba, kipande cha gome kisizidi unene wa sarafu. Bahasha ya karatasi iliyokunjwa kutoka A4. Mfuko wa plastiki, hata kwa safari ya saa mbili, hutoa jasho, kuvu za ukungu zikaingia, na rangi ikaharibika kabla hujafika. Anika kivulini kwenye upepo siku mbili tatu. Usitie jikoni wala kwenye tanuri. Kisha zitie friza ya nyuzi −20 kwa saa 72 ndani ya mfuko uliofungwa kabisa, kuua chawa wa vitabu ambao hula apothesia kwanza, yaani sehemu unayoihitaji zaidi. Zikitoka, ziache zirudi joto la kawaida kabla ya kuufungua mfuko, la sivyo umande utazilowanisha upya.

Lebo iandikwe kwa penseli au wino usiofutika, siku hiyo hiyo, na iseme kilichoonekana. Hii hapa inatosha: Roccella cf. montagnei. Ngozi C+ nyekundu, hufifia haraka, kiini C−, K−, P−. Soredia zipo pembeni, vipande 7 kati ya 10, apothesia hazikuonekana. Juu ya mbuyu, mita 1.6 kutoka ardhini, upande wa bahari, mita 120 kutoka mpaka wa maji ya bamvua. Kisha tarehe, namba ya mkusanyaji, na majiranukta kwa desimali tano pamoja na kiasi cha kosa la kifaa. Hiyo "cf.", yaani "linganisha na", isifutwe na mtu kwa sababu ya doa jekundu. Ikae pale mpaka mwenye bamba la silika, au wa DNA, aifungue bahasha.